Jembe Bila Pombe

Kuna siku moja, mvua zikianza, naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda kama maziwa jikoni. Ndiyo siku kaka yangu Yona aliporudi nyumbani Unyambwa kutoka hospitali ya misheni, amenyooka, mikono haitetemeki, na ukoo mzima ukaanza kumtafutia pombe.

Usicheke. Sikiliza kwanza.

Yona alikuwa mlevi wa kuamka nayo. Kabla ya hospitali, baba mdogo Mateo aliamua kumtibu mwenyewe. Alimfungia stoo kwa mnyororo, akisema akikaa humo bila pombe atapona. Siku ya pili kaka akatetemeka, akaongea na watu ambao sisi hatukuwaona, akaanguka akitoa povu. Mama ndiye aliyevunja mlango kwa shoka. Muuguzi aliyempokea alituambia kwamba mwili uliozoea pombe sana, ukinyimwa ghafla bila dawa, unaweza kufa. Tungemzika, mwanangu, na kwenye matanga wangekunywa.

Akakaa wodini, akapewa dawa, akaongeleshwa kama mtu. Siku ya kumruhusu, muuguzi alisema asionje hata tone, pombe isikae nyumbani kwake, na arudi kila mwezi hata akijiona mzima. Mambo matatu. Niliyahesabu njiani, nikayahesabu tena tulipofika. Hayakuwa kumi, useme mtu angesahau.

Lakini kwetu, ukitaka majirani wakusaidie kulima, unapika pombe. Watu wanakuja na majembe alfajiri, mchana wanakunywa, jioni shamba limekwisha. Yona alikuwa na mke na watoto, shamba limejaa magugu, na mvua haimsubiri mtu. Asipolima, hawali. Hapo baba mdogo akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka:

"Apike tu, asinywe. Mimi nafuga mbuzi, mmewahi kuniona nakula majani?"

Watu wakacheka. Mimi pia. Nilikuwa binti, tayari nauza kuku mnadani, na kichwani nimeshapiga hesabu: madebe mawili ya mtama kwa shamba zima, hiyo ni bei ya kutupa. Nikauloweka mtama mwenyewe. Ulipochipua nikauanika uwanjani kwa Yona, naye akakaa kibarazani akiutazama kama mtu aliyeambiwa nyoka huyu hana sumu.

Shangazi Salome akatukuta hivyo. Huyo ndiye aliyekuwa mpika pombe hodari kuliko wote kijijini. Chungu chake kilisomesha watoto. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Kwetu, mkubwa asipoitikia shikamoo, amekupiga kofi.

"Kimea cha nani hiki?"

"Cha kaka, shangazi. Cha kulimia."

"Kaka yako ameomba?"

Nikainama kugeuza kimea. Kwa kweli Yona hakuwa ameulizwa na yeyote. Shangazi akamgeukia.

"Yona, utaweza kulala nyumba moja na pombe inayochacha?"

Kaka akatikisa kichwa. "Siwezi, shangazi. Niliogopa kusema. Watadhani sijapona."

"Anayejua asichokiweza ndiye aliyeanza kupona."

Kisha akaita kuku, kru kru kru, wakaja wote wakaanza kudonoa kile kimea. Baba mdogo, aliyekuwa ndani, akatoka mbio.

"Dada, hicho ni chakula cha watu."

"Naona kuku hawajali. Mateo, mtu akitolewa kisimani hatandikiwi mkeka ukingoni. Kesho nitakuwa shambani na uji. Anayempenda Yona aje na jembe. Anayependa pombe asije hata kwangu. Chungu changu nimekifunika mpaka shamba hili liishe."

Mwanangu, huyo ni mtu aliyefunga duka lake mwenyewe. Mimi mfanyabiashara najua uzito wake.

Kesho yake walikuja sita. Nilihesabu mara ya pili nikidhani wengine wako nyuma ya kichuguu. Hawakuwepo. Wanasema damu nzito kuliko maji. Siku ile nikajua pombe ni nzito kuliko damu. Aliyetuokoa ni Mzee Rajabu, jirani Mwislamu, aliyekuja na wanawe na ng'ombe wa plau.

"Miaka yote hamniiti," akasema. "Nikadhani mnaona nalima vibaya."

Hatukumwita kwa sababu hanywi. Hatukujua mtu anaweza kuja bure.

Jioni nusu ya shamba ilikuwa imelimwa. Nusu nyingine ilibaki majani, na mwaka ule tulikula kwa kupimiana. Baba mdogo alizunguka akisema Salome ametutia njaa. Ni kweli, alitutia. Ila Yona aliiona njaa hiyo akiwa na akili zake, na wanawe walimwona baba yao akiiona. Baadaye aliteleza, harusini. Shangazi hakumhubiria, alijifunga kanga akamrudisha misheni, na muuguzi akasema, "Karibu tena," kama mwenye duka. Akarudi nyumbani, akashika yale matatu.

Nakuambia haya kwa sababu juzi hapa Mandewa nimeona vijana wakimpokea mwenzao aliyetoka kwenye nyumba ya kupata nafuu, wanapokaa walioacha ulevi. Wakamwekea chupa mkononi, eti tuone kama kweli ameacha. Mnampima mtu kama betri ya tochi? Tena mnajiita marafiki.

Basi shika, mwanangu. Iwe pombe, iwe bangi, iwe unga, mficha maradhi kilio humfichua. Usifungie mtu stoo, wala usijifungie mwenyewe. Nenda zahanati, sema bila kupamba unatumia nini na kiasi gani, uombe kupelekwa panapotibiwa. Tafuta walioacha, ukae nao. Wanajua njia yenye miiba. Ukiteleza, rudi siku hiyo hiyo, usingoje aibu iishe, haiishi yenyewe. Na kama ni ndugu yako aliyeacha, usimwonjeshe, usimpime, usimcheke. Msaidie kazi yake kwa mikono mitupu, na sherehe yenu ikihitaji pombe, mwacheni asije, wala msimuulize sababu.

Mungu akupe miguu ya kurudi kila ukianguka, akuwekee mlangoni mtu asiyechoka kukufungulia. Na wale wanaokuita uonje kidogo tu, awape kiu ya maji.