Nilivyofungua Kompyuta ya Jeanine Akiwa Kanisani

Tii! Skrubu ilidondoka kwenye tailizi, ikabingirika hadi chini ya meza. Mlio ule nausikia mpaka leo. Nilikosa, jamani, na sitaki mtu anitetee. Jina langu niacheni nalo, nisomeeni tu barua yangu.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Shule niliishia kidato cha pili, nikaongeza kozi fupi ya kompyuta. Hapa Johannesburg nilikuwa nachangia kichumba cha kazi, Joubert Park, na Jeanine, dada wa kutoka Burundi. Tulikuwa tunaediti video za harusi za watu wetu. Mimi ndoto zangu ni kubwa: studio yenye kibao cha taa, na filamu zangu mwenyewe. Jeanine aliniambia nikifika huko nimpe angalau kazi ya kufungua mlango. Nikiwalilia maharusi nisiowajua, yeye ndiye ananipa tishu huku ananicheka.

Kompyuta zetu za mezani tulizinunua kwa fundi mmoja, Papa Olivier, Mkongo mwenye kibanda karibu na stesheni. Zilikuwa kama mapacha. Kila kitu sawa isipokuwa prosesa, ile inayofanya kazi ya ubongo. Nazo zilikuwa za jina moja, tofauti ni namba ya mwisho tu. Yangu ilikuwa ya juu kidogo. Papa Olivier alinieleza kwamba hazipishani sana, ila yangu itatangulia kidogo. Kichwa kikanivimba!

Basi haikutangulia. Siku moja tuliweka harusi ileile kwenye mashine zote mbili, tukabonyeza pamoja. Ya Jeanine ikamaliza, tukanywa chai, tukaosha vikombe, yangu bado inajikokota na feni inapiga kelele. Nilicheka. Lakini moyoni nikajiuliza, namba ya chini inaishindaje ya juu?

Nikaanza kuchunguza. Papa Olivier akipita anakaa upande wa Jeanine, si wangu. Wakiongea Kifaransa nasikia jina langu hata lisipotajwa. Jeanine akigeuza skrini kukwepa jua, mimi naona ananificha kitu. Nikarudia lile shindano peke yangu, nikashindwa tena. Nikajipa jibu: wamezibadilisha. Prosesa yangu imo kwenye boksi la Jeanine, mimi nimewekewa yake. Eish, akili yangu siku zile ilikimbia kuliko prosesa zote mbili!

Sikumuuliza. Nilimchekea, nikala naye lengalenga alizopika, mchicha wa kwao, nikamwita dada kama kawaida, huku namhesabu mwizi.

Jumapili alipokwenda kanisani nikachukua bisibisi. Jina la prosesa limeandikwa mgongoni mwake, chini ya feni, na nilitaka kulisoma kwa macho yangu. Skrubu zikatoka, moja ikanikimbia. Nikavuta feni na pande lake la chuma, likagoma. Nikavuta kwa nguvu. Prosesa ikang'oka nayo, imegandia kwenye ule utomvu wa kijivu unaopakwa katikati. Nikaibandua, nikaufuta utomvu kwa upindo wa kanga, nikidhani ni uchafu. Nikasoma.

Namba ya chini. Ileile aliyouziwa.

Niliirudisha haraka haraka, nikaona haikai vizuri, nikaikandamiza. Ole wangu!

Jumatatu mashine ya Jeanine haikuwaka. Ndani yake kulikuwa na harusi ya mteja aliyetaka kusafiri nayo, awaonyeshe wazazi. Jeanine aliweka mkono juu ya boksi, akaomba Mungu. Mimi nikasema labda ni umeme. Nilisema hivyo, kwa kinywa hiki!

Papa Olivier akaja, akaifungua. Kisha akasema taratibu kwamba kuna mkono umepita humu. Vile vijisindano vya chini ya prosesa vimepinda, vingine vimekatika. Hakuuliza mkono wa nani. Akageukia mashine yangu, akainua kitambaa cha kufuma alichonitumia mama. Nilikuwa nimelivika boksi zima mpaka mgongoni, kama tunavyovika televisheni kwetu.

"Ee mama, hii mashine inapumuaka wapi?"

Nikagusa bati. Linaunguza! Alinieleza kwamba prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo yenyewe, isije ikaungua. Tukaiacha ipoe bila nguo, tukaiwekea ile harusi ya shindano. Ikamaliza mapema kidogo kuliko ya Jeanine siku ile. Kidogo tu, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo.

"Ni mimi," nikasema.

Jeanine hakupandisha sauti. "Najua. Ungeniuliza, mdogo wangu, ningekufungulia mimi mwenyewe."

Papa Olivier akahamishia diski ya Jeanine kwenye mashine yangu, nikamwachia amalizie harusi ya mteja, akaimaliza. Nikamnunulia prosesa nyingine, akapokea, akashukuru. Muda si mrefu akahamia La Rochelle, mtaa mwingine humuhumu Johannesburg, chumba cha peke yake. Nikimpigia anapokea vizuri, ananisalimia kwa jina langu. "Mdogo wangu" hasemi tena.

Ndugu zangu mnaofanya kazi meza moja na mtu, ukimshuku muulize, hata kama swali lenyewe ni la aibu. Mimi nilikuwa radhi kung'oa skrubu kuliko kufungua mdomo. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, angalia kwanza chako umekitunzaje.

Kuna jingine, nalo nalisema. Wateja bado wanakuja kumwulizia, na mimi nilikuwa najibu "hayupo" tu, kazi nabaki nayo.

Leo nimewahi kabla ya watu. Nimechukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa: JEANINE YUKO LA ROCHELLE. Chini nikaweka namba yake ya simu. Nikaibandika mlangoni, kwa nje.