Soksi ya Mchanga Moto

Ukitaka kujua kwa nini Musyimi alipaka lenzi ya kamera kiazi kibichi, ni lazima kwanza ujue kwamba kabla ya kuwa mpiga picha alikuwa dereva wa lori. Miaka kumi na miwili alibeba mbuzi kutoka upande wa Garissa hadi Mwingi. Mvua ikimkuta njiani na waipa zimekufa, alifanya wanachofanya madereva wote wa barabara ile: anakata kiazi, anasugua kioo cha mbele, na maji yanateleza yenyewe. Basi usiku ambao lenzi yake ilishika umande kwa mara ya tatu mfululizo, hakuumiza kichwa. Alienda jikoni akachukua kiazi.

Picha aliyoipata ilikuwa kama imepigwa kutoka ndani ya sufuria ya uji. Asubuhi alimwonyesha mkewe, Kaluki, naye akacheka mpaka ikambidi aketi chini.

"Baba Mbithi," alisema akijipangusa machozi, "hiyo viazi si ungenipea tu nipike?"

Musyimi naye alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Siku mbili nzima aliisafisha ile lenzi kwa kitambaa laini, na muda wote alikuwa akihesabu usiku uliobaki. Mwezi ungeanza kuonekana tena baada ya wiki moja, na mwanga wake huzimeza nyota. Baada ya hapo ingeingia Juni na baridi yake, na anga la Mwingi hujifunika mawingu hadi watu wasahau rangi yake. Picha aliyoitaka ilikuwa ya kumpa Kaluki, na Kaluki hakuwa mtu wa kuambiwa angoje mwakani.

Kaluki haoni usiku. Alizaliwa hivyo. Jua likizama, kwake ni kama mtu amefunga mlango. Utotoni walidhani ni mvivu wa kutumwa, na yeye, kwa kuwa ana kiburi chake, alijifunza kuficha. Alimficha hata Musyimi. Siku za kuchumbiana, Musyimi aliegesha lori kando ya barabara, akamshusha, akamwambia atazame juu aone nyota ambazo yeye huendesha chini yake kila usiku. Kaluki alitazama kwa makini, akasema ni nzuri sana. Baada ya harusi ndipo alipokiri kwamba hakuona kitu, na Musyimi akakumbuka kuwa uso wa Kaluki ulikuwa umeelekea nyuma ya lori. Msichana wa watu alikuwa amewasifia mbuzi.

Kwa miaka ishirini jambo hilo lilikuwa kichekesho chao. Kisha, mwaka jana, daktari wa macho alimpima Kaluki muda mrefu na kuwaeleza kwamba hata macho ya mchana yanapungua. Tayari alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe lingezidi kuwa jembamba. Huenda ikawa miaka kumi, huenda ikawa mitatu. Hakuna aliyeweza kusema.

Walirudi nyumbani. Jioni, akiwawekea kuku maji, Kaluki alizungumza bila kugeuka.

"Kuku sina shida nao. Hao nitawashika na mkono. Lakini hizo nyota zako, Musyimi, nilitaka kuziona hata mara moja tu."

Musyimi hakulala usiku ule. Alfajiri akaketi kitandani ghafla, akijiona mjinga wa mwisho. Kamera aliyokuwa akipigia picha za harusi na vitambulisho inaweza kufumbua jicho lake sekunde ishirini, ikakusanya mwanga wa nyota kidogo kidogo. Na picha, hata ikipigwa usiku, huangaliwa mchana. Akamwamsha mkewe akamwahidi picha ya nyota papo hapo.

Kuahidi hakumshindi mtu. Alichagua kwenda chini ya shamba lao, kando ya silanga, lile bwawa la udongo ambapo ng'ombe hunywa, kwa sababu hakuna taa yoyote huko na alitaka nyota zionekane majini pia. Lakini mahali penye maji pana unyevu, na mvua za masika zilikuwa ndiyo kwanza zimekwisha. Kila usiku mambo yalikwenda hivyo hivyo: picha mbili tatu safi za kujaribia, kisha, kabla ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza anga haujapanda vizuri, kioo kikaingia ukungu. Akipangusa kwa leso, anausambaza. Akipuliza, pumzi yake inauongeza. Mara moja aliivika kamera mfuko wa nailoni, na jasho la ndani likawa baya kuliko umande wa nje.

Aliyemfungua macho alikuwa Wanyoike, mtu wa Murang'a mwenye duka la simu na mashine ya kuchapisha picha, jirani ya studio yake mjini Mwingi. Wanyoike alisoma kwenye simu yake, akasoma tena, akainua kichwa.

"Bwana, hiyo maji haitoki juu," alisema. "Ni lenzi yako imepoa. Ukiielekeza huko angani usiku mzima, joto yake inapotea, inakuwa baridi kushinda hewa. Si umeona soda ikitoka kwa friji vile inatoa jasho? Ni hivyo tu. Kuna mkanda wa umeme wa kuipasha, lakini huo unaagizwa ng'ambo. Sema mwezi moja, miwili."

Musyimi hakuwa na mwezi mmoja, sembuse miwili. Alirudi nyumbani ameinamisha kichwa na kumkuta Kaluki kwenye kibanda cha vifaranga, akamsimulia maneno ya Wanyoike kama mtu anayetangaza msiba.

Kaluki aliacha alichokuwa akifanya.

"Imepoa?"

"Ndio. Imepoa."

"Asi! Na hukusema hivyo toka mwanzo? Mimi nilikuwa nadhani inanyeshewa!"

Hapa ni lazima nimsifu huyu mama, maana mumewe husahau. Kaluki hulea vifaranga mia mbili kwa wakati mmoja, na usiku, ambao vifaranga hufa zaidi, yeye huwalea bila kuona hata mmoja wao. Huwasikiliza. Wakilia kwa pamoja, wamepoa. Wakitawanyika ukutani wakihema, wamezidiwa na joto. Huweka ile ngozi nyororo ya nyuma ya kiganja karibu na chungu cha makaa, na anajua. Kipimajoto walichomnunulia kinaning'inia pale ukutani kwa ajili ya wageni.

"Sasa sikiza," alisema. "Wewe unangoja ishike maji ndio uanze kupanguza. Mimi nikingoja vifaranga vipoe ndio niwapashe, asubuhi nitakuwa nazika. Unapasha kabla. Na si kuchoma, unapasha tu."

Alitafuta soksi za shule alizoacha binti yao Mbithi alipoenda chuoni, zile ndefu za kijivu. Akachekecha mchanga wa mtoni, akaukaanga kwenye sufuria kavu, akaujaza ndani na kufunga ncha kwa uzi. Kisha akakata kola ya katoni ya kuzunguka mdomo wa lenzi, kama ile anayowazungushia vifaranga kuwakinga na upepo. Musyimi alitazama kamera yake ikivishwa soksi ya binti yake, akaenda kutafuta jiko la makaa la kwenda nalo silanga.

Saa nne usiku walishuka kwenda silanga. Kaluki alishika mkono wa koti la mumewe hadi wakafika, akaketi juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, kamera mbele yake, nyuma ya kiganja chake juu ya soksi. Jiko lilifichwa nyuma ya ukuta wa silanga ili mwanga wake usiharibu picha. Tochi ilipigwa marufuku. Na kwa kuwa mchanga hupoa, ilibidi mtu akimbie kati ya jiko na kamera akibeba soksi mpya. Dereva wa miaka kumi na miwili akawa utingo wa mkewe.

"Hii imepoa. Leta ingine."

"Ndio hii."

"Hii ni moto sana. Unataka kuivisha kamera? Ipepee kwanza."

Musyimi alipepea. Safari ya nne alikanyaga pasipokuwepo ardhi, akateleza na kuingia silanga hadi magotini, soksi ameiinua juu kama mtu anayeokoa mtoto. Vyura wote walinyamaza.

"Weka mguu pole pole," sauti ya Kaluki ilimjia gizani, tulivu kabisa. "Kanyaga kidogo, sikiza, ndio uweke uzito. Mimi huwa naenda hivyo kila siku na sijawahi kuanguka huko."

Alipanda akiwa amelowa, akaanza kutembea kama alivyofundishwa. Ni hapo, akipapasa gizani kwa miguu yake mwenyewe, ndipo alipotambua mkewe ameishi namna gani miaka yote hii, na akamwonea fahari.

Saa sita, majani yalikuwa yamelowa, koti limelowa, hata leso ya kichwani ya Kaluki ilikuwa inatoa matone. Musyimi aliinama juu ya lenzi, akithubutu kuwasha mwanga wa simu kwa sekunde moja tu. Kioo kilikuwa kikavu. Mkanda mweupe ulikuwa umepanda kutoka ng'ambo ya silanga hadi utosini mwao, na chini yake maji yalikuwa yameshika nyota zake.

"Ziko?" Kaluki aliuliza.

"Ziko."

"Ngapi?"

"Ni nyingi."

Aliinua uso. "Nimeangalia sawa, ama ni mbuzi?"

"Umeangalia sawa," Musyimi alisema, na akabonyeza kitufe.

Kesho yake Wanyoike aliichapisha kubwa, urefu wa mkono. Ilipotoka kwenye mashine alisimama akiikodolea macho, akasahau mteja aliyekuwa akisubiri nakala za kitambulisho. Kaluki alikuwa nje, juani, kwenye benchi, kwa sababu alisema hataki kuiona ndani ya kivuli. Musyimi akampa. 

Kaluki aliisogeza karibu na uso. Kwa yale macho yake hawezi kuona picha nzima kwa mara moja. Alianzia chini kushoto, penye maji, akapanda polepole, inchi kwa inchi, akashuka, akapanda tena.  Pikipiki zilipita, mama wa sukuma wiki akamsalimu asijibiwe. Musyimi alianza kuogopa kwamba labda haoni, labda amechelewa, labda hata hii haikutosha.

"Hizi zote," Kaluki alisema mwishowe, "zilikuwa hapo juu yangu jana?"

"Jana na juzi. Na ile siku ya mbuzi pia."

Alimpiga bega kwa kiganja, na alipogeuka mashavu yake yalikuwa yamelowa, huku anacheka.

"Miaka ishirini nakuuliza, unaniambia ni nyingi. Nyingi! Musyimi, kumbe wewe hujui kueleza kitu hata kidogo."

 Musyimi naye alikuwa analia pale barabarani mbele ya Wanyoike na mteja wake, na hakuona haya. Alinyoosha mkono aichukue picha akaitie kwenye fremu, lakini Kaluki aliivuta akairudisha juani.

"Ngoja," alisema. "Sijafika hapa kwa hii kona."