Nyoya Lililoinama

Kosa langu la kwanza katika kuvua lilikuwa kudhani kwamba samaki hukagua kazi ya mvuvi. Nililikumbuka juzi sokoni Kasese, kuku akinyonyolewa kwa maji ya moto. Harufu ile ya manyoya mabichi ilinirudisha kwenye bwawa la Karambi.

Mama mdogo, aliyetoka Butembo kututembelea, alinifundisha kufunga nyoya la kuku kwenye ndoano ili lifanane na mdudu anayeelea. Kesho yake alikuwa anarudi kwao na fito zake mbili za kuvulia. Nyoya lake alilifunga ovyo, akatupa, akavuta samaki wawili. Mimi nilikuwa bado nafungua uzi na kuufunga upya, kwa sababu nyoya liliinama upande.

“Mutoto, tupa sasa. Mi nakunja uzi.”

“Bado halijanyooka, mama.”

“Samaki haiko mwalimu. Haina kalamu nyekundu.”

Nilicheka, lakini sikumwamini. Upepo ulianza kuvuruga maji, naye akakunja nyuzi zote mbili. Sikuwa nimetupa hata mara moja.

Hakuja tena. Kuvua nilijifunza mwenyewe, baadaye sana, na siku hizi naitupa ndoano ikiwa bado na kasoro.