Minazi ya Mama na Shahada Yangu

Mimi nikishapiga hesabu zangu, sitaki mtu anipigie zake. Kwa hiyo siku nilipomwambia mama kwamba nataka kwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uuguzi, nilikuwa nimejiandaa. Stashahada nilikuwa nayo, na kazi ya serikali hapa hapa Kilindoni, kisiwani Mafia. Lakini walikuja wauguzi wageni wenye shahada, nikawaelekeza kazi wodini, na mwisho wa mwezi wao wakapokea zaidi yangu. Iliniuma, sitasema uongo.

Ruhusa ya masomo nilipata, na mshahara ungeendelea kuingia, ila wote ungeishia kwenye kodi ya chumba na chakula cha mjini. Ada ndiyo ilikuwa haina pa kutokea. Mama hakuwa na fedha. Alikuwa na minazi iliyoizunguka nyumba yetu, aliyorithi kwa baba yake, na ndiyo iliyonisomesha tangu darasa la kwanza.

Mwenye fedha taslimu alikuwa mjomba, kaka yake mama, mfanyabiashara wa nazi. Alikuja akakaa barazani, nikamwamkia, akaitikia, kisha akaanza kunichambua. Akataka kujua napokea nini sasa na nitapokea nini nikimaliza. Nikamwambia yote mawili. Akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Kwa tofauti ile, alisema, nitaota mvi kabla ada haijarudi.

"Nesi ni nesi," akasema. "Sindano ni ile ile, mgonjwa ni yule yule. Nani atakayekuuliza cheti?"

"Anayepanga mishahara, mjomba," nikamjibu. "Nikipanda daraja, na ile tofauti inapanda na mimi. Wewe unahesabu mwaka mmoja, mimi nahesabu mpaka kiinua mgongo."

Mama akainamisha kichwa ili kaka yake asimwone anavyotabasamu. Mjomba akasema haya, fedha ipo, lakini minazi iwekwe rehani. Kwetu ukiweka minazi rehani, nyumba na kiwanja vinabaki vyako, ila nazi zote ni za aliyekukopesha mpaka umrudishie fedha yake yote. Atakazoangua hazipunguzi deni. Hata iliyoanguka yenyewe mlangoni pako ni yake. Mama alikubali kabla sijafungua mdomo, na baada ya sala ya alasiri mjomba akaja na mashahidi wawili kutoka msikitini.

Masomo hayakunitisha. Kilichonitisha nilikikuta nyumbani likizo ya kwanza. Nyuma ya jiko kulikuwa na rundo la nazi zilizoanguka, mama amezipanga vizuri akisubiri watu wa mjomba waje kuzichukua. Ndani anakula muhogo wa kuchemsha na samaki wa chumvi na ndimu, yeye ambaye maisha yake yote hakupika kisamvu bila tui. Nikaenda sokoni nikamnunulia nazi moja. Aliipokea akicheka, akaniomba nisimwambie mtu kwamba tumenunua nazi Mafia. Mimi sikuweza kucheka. Hilo la chungu cha mama halikuwamo kwenye hesabu yangu, na nilimwambia wazi kwamba niko tayari kuacha.

"Wewe soma," akasema. "Minazi haina miguu."

Nikasoma, nikamaliza, nikarudi kazini na shahada yangu. Mshahara ukaingia ule ule wa zamani. Nikaambiwa nisubiri kubadilishiwa cheo, na kusubiri kukawa kurefu. Mjomba naye kila tukikutana alikuwa ananiuliza habari za kazi kwa upole ambao ulinichemsha damu. Nilikwenda ofisini kufuatilia hadi karani akawa anasikia viatu vyangu na kunijibu kabla sijaingia. Wasiwasi wa kuchelewa nilikuwa nao. Wasiwasi kwamba nimekosea sikuwa nao hata siku moja.

Cheo kikatoka, na mshahara wake. Sikununua hata kitenge. Niliendelea kuishi kwa mshahara wa zamani, na ile tofauti aliyoicheka mjomba nikawa nampelekea yeye mwenyewe kila mwezi. Nywele zangu bado nyeusi nilipomaliza. Siku hiyo alikuja na mashahidi wale wale, akapokea fungu la mwisho, akatamka mbele yao kwamba minazi imerudi kwa mwenyewe. Nami nilitoka kazini moja kwa moja, nikiwa na sare, kwa sababu nilitaka anione nayo.

Walipoondoka, nazi ikaanguka nyuma ya jiko. Mama akainuka kwa mazoea, akaiokota, akaenda nayo mpaka pale alipokuwa akiziweka za mjomba. Akainama kuiweka, kisha akasimama. Akaitikisa sikioni, akasikiliza maji yake. Halafu akarudi nayo, akaifua makumbi na kuivunja, akaniambia nilete mbuzi ya kukunia.

Nikakaa kukuna na sare yangu nyeupe, machozi yananidondoka nikashindwa kuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini.

"Geuza uso pembeni," mama akasema. "Tui langu lisiingie chumvi."