Madawati ya Nusu Duara

Mwaka 2013 nilimaliza chuo cha ualimu Kasulu, nikapangiwa shule ya msingi huko Kumsenga, darasa la tano. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kichwa kilichojaa mambo ya chuoni. Wiki ya kwanza tu nilivunja mistari ya madawati, nikayapanga nusu duara na mimi nikawa nasimama katikati. Walimu wenzangu walicheka, wakasema nimegeuza darasa kuwa kikao cha harusi.

Palikuwa na binti mmoja ambaye mwalimu aliyenitangulia aliniambia ni mzito. Mimi sikuuona huo uzito. Alikaa karibu na dirisha, akanikazia macho tangu naingia hadi natoka. Nikiuliza swali alijibu vizuri, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Kutoka mkiani akawa wa sita. Nilijisifu moyoni, nilidhani ni ualimu wangu.

Mwaka uliofuata nilipanda nao darasa la sita, na mradi mmoja ukatuletea projekta, kompyuta na sola. Mwalimu mkuu alinikabidhi mimi kwa kuwa ndiye niliyependa mambo mapya. Tuliziba madirisha kwa nailoni nyeusi, tukapaka chokaa ukuta wa mbele, na madawati nikayarudisha kwenye mistari ili kila mtoto auone ukuta. Mimi nikawa nasimama nyuma yao, kwenye mashine, nikieleza gizani.

Sijawahi kuona watoto wakifurahi vile. Siku tuliyoonyesha moyo ukisukuma damu, darasa la saba walijazana mlangoni hadi wakasukumana. Maofisa walikuja kutoka wilayani, wakapiga picha, wakanipa mkono.

Yule binti tu ndiye aliyekuwa akigeuka nyuma. Kila nilipoanza kueleza, alizungusha shingo kunitafuta gizani. Mara ya kwanza nilimkanya kwa upole. Mara ya tatu nilimshika kichwa kwa mikono yangu miwili nikamgeuza.

"Tazama mbele," nilimwambia.

Akatazama mbele. Hakugeuka tena. Alama zake zikaporomoka, nikamwita ofisini nikamwambia ameanza uvivu, akaitikia kwamba ndiyo. Baada ya likizo ya Juni hakurudi. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na wageni wa kuwaandalia darasa. Ulipita mwezi mzima kabla sijaenda kwao.

Nilimkuta mama yake akimenya mihogo uani. Alinipa kigoda, tukasalimiana kwa Kiha, kisha nikamuuliza habari za binti. Aliendelea kumenya huku akinieleza kwamba mtoto alipata homa kali akiwa na miaka mitano, na tangu hapo hasikii, labda kidogo sikio moja mtu akiwa karibu kabisa. Maneno huyasoma mdomoni. Walipomwandikisha shule walimweleza mwalimu wa darasa la kwanza, lakini mwalimu huyo alihama.

Nilimwambia sikujua. Hapo akaacha kisu, akanitazama.

"Hukujua, mwalimu? Mbona ulipanga madawati ili akuone? Baba yake alikuwa anakuombea kila jioni."

Nilikaa pale kwenye kigoda nikalia mbele ya mama wa watu, na yeye ndiye aliyenibembeleza mimi.

Binti alikuwa ameshapelekwa Kasulu mjini kwa mama yake mdogo, mwenye mgahawa karibu na soko. Kesho yake niliitoa ile nailoni na kupanga tena nusu duara, watoto wakininung'unikia. Jumamosi nikapanda basi.

Nilimkuta nyuma ya mgahawa akisuuza sahani. Alipiga goti akaniamkia. Nilisimama palipo na mwanga, nikasema polepole: nimekosa, madirisha ya darasa sasa yamefunguliwa, nimekuja kukurudisha. Alifuata midomo yangu hadi neno la mwisho. Mama mdogo alitoka jikoni akasema mtoto akitaka kwenda aende, yeye hamfungi.

"Hapa hawanigombezi, mwalimu," binti alisema. "Mteja akitaka kitu ananionyesha kwa kidole."

Nilimbembeleza. Nilimwambia nitamtafutia shule ya watoto wasiosikia, nami kweli niliandika barua wilayani, lakini hadi nahamishwa mwaka 2015 jibu halikuwa limekuja. Siku ile alinisikiliza kwa adabu, kwa macho yake, kisha akatikisa kichwa. Alisema asante. Akaniuliza kama nitakula, maana maharage yalikuwa yameiva.

Sikuweza kula. Akainama kwenye beseni lake, akanipa mgongo. Nilibaki nimesimama nyuma yake na neno moja zaidi mdomoni, na hakukuwa na namna ya kumwita.