Fizi za Kétsia

Agathe alipokuwa darasa la tatu, baba yake Damascène alimfundisha hesabu za kuzidisha shambani, kwenye mlima wa Masisi unaotazamana na Rubaya. Kila tuta la maharagwe lilikuwa jibu moja.

"Tabla ya saba! Tuta ya tano?"

"Makumi tatu na tano, Papa!"

Walishuka hivyo hadi bondeni, umande ukiwalowesha miguu. Lakini ubaoni, mbele ya mwalimu Michel, yote yaliyeyuka. Wenzake walimwita Kitunga, kwa kuwa maji hayakai ndani ya kikapu. Baba hakumkaripia hata siku moja. Kesho yake walianza tena tuta la kwanza. Sasa baba ni marehemu, na Agathe akipalilia bado huhesabu kwa sauti ile ile.

Mwezi uliopita binti yake Kétsia, wa miezi mitano, alishikwa na homa. Nyiramana, mama yake Agathe, akamfunua mtoto mdomo.

"Fizi imevimba. Ni meno ya plastiki. Ngoja niite muzee wa kuyatoa."

Milimani kule wengi huamini homa ya mtoto hutoka kwenye meno mabaya yaliyojificha ndani ya fizi. Huchimbwa kwa waya wa gurudumu la baiskeli.

"Hapana, Mama."

"Hata weye tulikutoa. Si uko muzima?"

"Niko muzima. Niulize basi saba mara nane."

Nyiramana aliyakumbuka majuma matatu ya usaha kinywani mwa Agathe mchanga, mtoto akiwaka moto, hawezi kunyonya.

Muganga Henri wa kituo cha afya alikuwa amemweleza Agathe siku ya kupima watoto uzito: mwili mchanga ukipigana na maambukizi makali, uvimbe na moto wa vita hivyo unaweza kuugusa ubongo ambao bado unajengwa, na baadaye masomo yakawa magumu kushika. Si kila mtoto, alisema, na kwako hakuna wa kuthibitisha. Lakini miaka yote hiyo Agathe alijiona mjinga, na shule nzima ilimsaidia kuamini hivyo!

Akamfunga Kétsia mgongoni. Nyiramana akafuata, akiyatukana matope njia nzima. Kituoni damu ilipimwa: malaria. Siku ya tatu homa ilishuka, mtoto akanyonya kwa pupa.

Nyiramana akamvuta Henri koti.

"Muganga, na huyu mukubwa? Ni mimi nilimushika miguu ile siku ya kumutoa meno. Iko dawa yake?"

"Mama, acha," Agathe alisema, akicheka huku machozi yanamtoka.

Henri hakuwa na dawa. Alisogeza benchi, Nyiramana akaketi.