Farasi Niliowafuta

Wenzangu katika kundi letu la mtandaoni la kutabiri mbio za farasi waliniita Profesa, na jina hilo nililipenda mno. Farasi wangu akishindwa, nilifuta utabiri wangu haraka.

Juzi mwanakundi mwenzetu Mama Furaha, mshonaji nguo kutoka Kongo, alikosea utabiri mara moja tu. Nikamwambia mbele ya wenzetu hapa mtaani kwetu Wandegeya, "Mama, rudi kwa sindano yako!"

"Na wale wako walioshindwa, Profesa?"

"Nionyeshe hata mmoja!" Nikainua simu yangu, safi kabisa.

Akanipa yake. Farasi wangu wote walioshindwa walikuwamo. Kumbe nilikuwa nikifuta kwenye simu yangu tu, na wenzangu walininyamazia kwa kuheshimu mvi zangu.

"Soma, mzee. Kwa sauti."

Nilistahili. Nikavaa miwani, nikaanza: "Huyu hashindwi kamwe. Anayebisha hajui farasi."